Kompyuta yangu asubuhi inagoma, mchana inawaka, usiku wa manane inajiwasha yenyewe. Mafundi njooni

#1 Parachichi Bichi
Wakuu habari zenu.

Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Core 2 Duo, ramu GB 4 za DDR2, diski GB 160, window 7. Huu ni mwaka wa 9 niko nayo na haikuwahi kunisumbua mpaka baridi ya safari hii ilipoanza. Nipo Njombe. Dalili nazitaja kama zilivyo, sijaongeza chumvi.

Asubuhi nikibonyeza swichi, feni inazunguka sekunde nne tano, inakata. Inazunguka tena, inakata. Kioo cheusi, hakuna mlio wowote. Nikiiacha inahangaika peke yake mara kumi, kumi na tano, halafu ghafla inawaka kama haikuwa yenyewe. Ikifika saa 6 mchana nikibonyeza mara moja tu imewaka.

Ikishawaka, tarehe inasoma 01/01/2009. Nikiingia mtandaoni naambiwa tovuti si salama, hata ya benki.

Friji likianza kunguruma, mausi inaganda. Siyo kila mara, ila mara nyingi.

Kasha la chuma linatekenya vidole, hasa nikiwa peku.

Na hili la mwisho ndilo limenitoa usingizini: mara tatu ndani ya wiki mbili nimeamka usiku nikakuta inawaka sebuleni, na niliizima kwa mkono wangu.

Fundi wa hapa mjini ameshapiga window mara mbili, kila mara elfu 20. Kabla sijaibeba mara ya tatu nauliza: hapa kuna magonjwa matano, au ni moja?

#2 Kunguru wa Feri
Nimewahi siti ya dirishani, ngoja wataalamu waje.

Ila hiyo ya kujiwasha usiku, mkuu, kabla ya fundi uliza majirani hiyo nyumba alikaa nani kabla yako.

#3 Fundi Lehemu
Huyo aliyepiga window mara mbili kwa kompyuta isiyowaka, mdai hela yako. Window inaanza kazi baada ya mashine kuwaka. Yako haifiki huko. Ni sawa na gari limegoma kupiga stata, wewe unabadilishiwa redio.

Tarehe: betri ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Buku mbili tu. Na hiyo ndiyo sababu ya tovuti kukataa: vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta yako inaamini bado ni 2009, kwa hiyo inaona vyeti vyote vimetoka siku zijazo.

Kugoma asubuhi: pawasaplai, lile boksi la ndani linaloigawia mashine umeme. Kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zimezeeka. Fungua ubavu, mulika tochi kwenye mazabodi, karibu na prosesa. Ukiona vikopo vimevimba kichwani au vimetoa uchafu wa kahawia, umeshamkamata mwizi.

#4 Mama Stesheni
Mimi nina stesheneri Morogoro, mashine tatu za aina hiyo hiyo. Betri ilipokufa kwenye moja iligoma kabisa kuwaka, siyo tarehe tu. Nilipoweka mpya ikawaka. Kwa hiyo anza na betri, utashangaa.

#5 Fundi Lehemu
Mama Stesheni, zipo mazabodi chache zinazosusa betri ikiisha, sikatai. Ila nyingi zinawaka, zinakuuliza tu ubonyeze F1. Mwenzetu yake inawaka mchana na betri ile ile. Betri haifufuki saa 6.

#6 Kibodi Kavu
Nyongeza kwenye #3. Hata ukirekebisha tarehe, hiyo window 7 kama haijapata masasisho itaendelea kulalamika kwenye baadhi ya tovuti. Kuna cheti mzizi, kile cha juu kinachothibitisha vingine, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi sana, kikaisha muda tarehe 30/9/2021, mashine za zamani zikaachwa kwenye mataa. Na Chrome ya mwisho kukubali window 7 ni toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Firefox ina ghala lake la vyeti, ndiyo maana mara nyingi inakubali pale wenzake wanapokataa.

Au toa window, weka Linux tu uishi kwa amani.

#7 Kunguru wa Feri
Nilikuwa nahesabu itachukua komenti ngapi kabla Kibodi Kavu hajaleta Linux. Sita. Umejitahidi leo.

#8 Parachichi Bichi
Nashukuru. Nimefungua ubavu. Kapasita za mazabodi zote vichwa bapa, hakuna iliyovimba. Vumbi lilikuwa la kulimia mahindi, nimepuliza. Betri nimenunua, kesho naweka.

Fundi Lehemu, kwa hiyo kama hazijavimba ni nzima?

#9 Fundi Lehemu
Kama hazijavimba zinaweza kuwa nzima.

#10 Nusu Volti
Hapo "zinaweza" ndilo neno lenyewe. Kapasita za aina hiyo zina maji maji ndani. Miaka inavyokwenda yanakauka, ukinzani wake wa ndani unapanda, na kwa nje kichwa kinabaki bapa kama siku ya kwanza. Baridi inauzidisha ukinzani huo. Ndiyo maana ikihangaika mara kumi inapata kajoto kake, halafu inawaka. Dalili ya #1 imekaa hivyo kabisa, ila hiyo siyo sababu pekee inayoweza kuleta dalili hiyo.

Maswali, mkuu. Una mita? Umeme ukutani asubuhi unasoma ngapi? Nyumba ina waya wa ethi unaofika ardhini kweli, au soketi ina tundu tatu kwa mapambo? Na usiku, je, unazima soketi ukutani?

#11 Parachichi Bichi
Mita nitaazima. Ethi sijui, nyumba niliikuta hivi. Usiku nazima soketi ukutani kila siku, nimejizoesha tangu radi ilipoua televisheni ya jirani.

#12 Mvita Huru
Salamu toka Mombasa. Hebu ngojeni kidogo. #1 yasema kompyuta yajiwasha usiku. #11 yasema usiku soketi huzimwa. Sasa hiyo kompyuta yawaka kwa umeme gani, kwa mbalamwezi?

#13 Kunguru wa Feri
Nilisema kuhusu hiyo nyumba mkanidharau.

#14 Parachichi Bichi
Mvita Huru umenishika pabaya. Ukweli ni huu: kompyuta na king'amuzi viko kwenye ekstensheni moja. Mjukuu wangu akichelewa kwenye tamthilia anazima televisheni anaacha soketi. Nikipiga hesabu, hizo siku tatu zote yeye ndiye alikuwa wa mwisho kulala.

#15 Chaki Nyeupe
Mjukuu! Kumbe tunaongea na mtu mzima hapa. Shikamoo mzee.

#16 Parachichi Bichi
Marahaba. Nimestaafu ualimu miaka mitatu iliyopita, jiografia. Sasa nina ekari mbili za parachichi, na hesabu za shamba zote zimo kwenye hiyo mashine. Endeleeni kuniita mkuu, halina neno.

#17 Kunguru wa Feri
Shikamoo mwalimu. Ile ya mashetani nilikuwa natania.

#18 Nusu Volti
Shikamoo mwalimu. Basi umefungua mlango mwingine. Soketi ikiachwa wazi, pawasaplai inabaki na umeme kidogo wa kusubiri, waya wa zambarau, volti 5. Mashine imezimwa lakini haijafa. Hapo inaweza kuamshwa na vitu vingi.

La kwanza: kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe kabla ya window, kuna sehemu inayoamua ifanye nini umeme ukikatika na kurudi. Ikae kimya, iwake, au irudi ilivyokuwa. Betri ikifa, mipangilio yako inafutika inarudi ya kiwandani. Umeme ukipepesa saa 9 usiku, nayo inaamka.

La pili: swichi yenyewe ya mbele. Springi imelegea, inabaki nusu imebonyea.

La tatu: kibodi au kadi ya mtandao imeruhusiwa kuamsha mashine. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /lastwake, itakwambia nani aliiamsha mara ya mwisho.

#19 Kibodi Kavu
Hiyo amri itamsaidia kama mashine ilikuwa imelala. Yeye anasema aliizima kabisa. Ikiwa ilizimwa, window haijui lolote kuhusu kilichoiwasha, itaandika tu kwamba imewaka.

#20 Mama Stesheni
Hamjasema la nne. Mjukuu.

#21 Kunguru wa Feri
Mama!

#22 Mama Stesheni
Mimi nimelea watatu. Mtoto aliyeachwa sebuleni usiku na kompyuta yenye gemu, halafu zikisikika kandambili za babu koridoni yeye yuko kitandani anakoroma. Mnamsumbua mwalimu na springi.

#23 Chaki Nyeupe
Aangalie rekodi za matukio. Window inaandika kila inapowaka na kuzimwa. 6005 ni kuwaka, 6006 ni kuzimwa kwa utaratibu. Kama ilizimwa ghafla kuna 41.

#24 Parachichi Bichi
Nimeangalia. Zote zimeandikwa tarehe 01/01/2009. Zipo 6005 kama mia. Kwa mujibu wa mashine hii nimeiwasha mara mia siku ya mwaka mpya.

#25 Mvita Huru
Hahaha! Shahidi mwenyewe ana wazimu.

#26 Kibodi Kavu
Usikate tamaa, kila rekodi ina namba yake ya mfuatano isiyojali saa. Fungua rekodi, nenda kwenye maelezo ya kina, itafute. Tarehe imeharibika ila foleni haijavurugika. Utaona 6006 ya wewe kuzima, halafu 6005 inayofuata, halafu programu gani zililalamika baada ya hapo.

Na mimi niliwahi kuchizika na saa. Mashine yangu ilikuwa na window na Ubuntu, aina ya Linux, kila nikitoka Ubuntu nikaingia window saa imerudi nyuma masaa matatu kamili. Nilibadilisha betri mbili bure. Kumbe Ubuntu inaandika kwenye mazabodi saa ya dunia, window inaisoma kama saa ya hapa. Tofauti yetu ni masaa 3, na ndiyo masaa yaliyokuwa yanapotea. Ukiona saa imekosea kwa namba kamili, usikimbilie betri.

#27 Mswahili wa Ruwi
Asalaam aleikum, niko Maskati. Mie yangu kinyume cha mwalimu. Asubuhi yawaka vizuri, ikifika adhuhuri mwezi wa sita, joto nje nyuzi 45, yajizima katikati ya kazi. Nilibadilisha ramu, nikabadilisha diski, pesa ikenda. Siku moja nikatoa feni ya prosesa nikakuta ile pesti ya kupitisha joto imekuwa chaki. Nikapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu, mpaka leo salama. Kwa hivyo mimi nasema joto, si kapasita.

#28 Fundi Lehemu
Ami, yako inazima ikipata joto, ya mwalimu inawaka ikipata joto. Dawa ya homa humpi aliyeganda.

#29 Mswahili wa Ruwi
Sawa fundi, lakini vyuma hutanuka na kusinyaa. Ramu hutoka kidogo kidogo kwenye mlango wake miaka ikipita. Atoe asugue na raba ya penseli arudishe. Hana cha kupoteza.

#30 Bi Pangani
Hilo la ramu naliunga mkono. Huku Tanga tunakaa na pepo za bahari, meno ya ramu yanashika kutu mpaka dhahabu haionekani. Nasugua kila baada ya miezi sita.

Ila niwape kisa. Mashine ya mdogo wangu ilikuwa inazima kila ikifika jioni. Tukazunguka na mafundi miezi miwili. Mwisho baba akafungua mwenyewe na bisibisi ya cherehani, akakuta mjusi amekauka nyuma ya mazabodi, mkia umegusa kwenye lehemu. Tulipomtoa ikapona. Mpaka leo hatujui mjusi alikuwa na kazi gani jioni tu.

#31 Kunguru wa Feri
Alikuwa wa zamu.

#32 Parachichi Bichi
Ripoti. Betri nimeweka, siku mbili sasa tarehe haijatetereka, benki imefunguka kwa Firefox. Ramu nimesugua na raba. Mjusi hayupo, nimekuta sisimizi waliokufa na kifuniko cha peni nilichokitafuta tangu 2019.

Kugoma asubuhi kuko pale pale. Sasa kwa kuwa nimefundisha hali ya hewa miaka mingi, nimetundika kipimajoto ukutani juu ya meza, na mita nimeazima. Nasoma zote saa 12 na nusu asubuhi kabla ya kubonyeza:

Jumatatu nyuzi 9, umeme 204, majaribio 14.
Jumanne nyuzi 12, umeme 210, majaribio 6.
Jumatano nyuzi 8, umeme 201, majaribio 17.
Alhamisi nyuzi 12, umeme 188, majaribio 15.

Saa 7 mchana, nyuzi 19, umeme 226, jaribio moja.

#33 Chaki Nyeupe
Mwalimu ni mwalimu tu. Kuna watu humu wameandika kitabu cha diploma na data chache kuliko hizo.

#34 Fundi Lehemu
Tatu kati ya nne zinafuata baridi. Pawasaplai. Nimemaliza.

#35 Nusu Volti
Fundi usimalize. Alhamisi inakukataa. Nyuzi ni zile zile 12 za Jumanne, majaribio yamepanda kutoka 6 hadi 15, kilichobadilika ni umeme kushuka mpaka 188. Asubuhi Njombe kila nyumba inachemsha maji ya kuoga. Baridi ikizidi, hita zinazidi, umeme unashuka. Kwa hiyo baridi na umeme mdogo vinatembea pamoja, na huwezi kusema nani muuaji kwa kuwaona wote wawili eneo la tukio.

Umeme wetu unatakiwa kuwa 230. Pawasaplai za zamani zenye kile kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma zina pumzi ndogo kuliko zile zisizo nacho, ambazo nyingi zinakubali kuanzia 100 hadi 240. Mwalimu, yako ina kiswichi chekundu?

#36 Parachichi Bichi
Ninacho.

#37 Mvita Huru
Na usikiguse! Binamu yangu alikipeleka 115 kwa udadisi. Mlio kama baruti, na moshi. Mama akakimbia na mtandio kichwani.

#38 Nusu Volti
Sasa kuhusu kutekenya, maana wote mmelipita kama halipo. Ndani ya pawasaplai, pale umeme unapoingia, kuna kichujio. Kapasita mbili ndogo, moja toka kwenye waya wa moto, nyingine toka nyutro, zote zinakutana kwenye kasha. Ethi ikiwepo, hako kaumeme kanateremkia ardhini, hukasikii. Ethi isipokuwepo, kasha linaning'inia katikati, nusu ya 230, yaani kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenywa tu. Mwalimu akiwa peku, yeye ndiye ethi.

#39 Mama Stesheni
Kumbe ni kawaida! Mashine zangu zote zinatekenya.

#40 Nusu Volti
Hapana mama, usinichukue hivyo. Inaelezeka, lakini si sawa. Siku kichujio hicho au waya ukichubuka ndani ukagusa kasha, usipokuwa na ethi hakuna wa kukata umeme, na tesita haitakwambia tofauti kati ya kutekenya na kuua. Itisha fundi umeme aje apime.

Na huenda hilo la friji liko humo humo. Kompresa ikianza inavuta mkondo mkubwa kwa nukta chache, umeme unayumba, cheche ya swichi yake inatembea kwenye waya. Nyumba yenye ethi nzuri, kichujio kinameza. Nyumba isiyo nayo, mausi inaganda.

#41 Kibodi Kavu
Au diski. Window 7 diski ikianza kuhangaika kusoma sehemu mbovu, kila kitu kinaganda sekunde kadhaa, na mausi nayo. Friji na diski vinaweza kuwa wanakutana tu kwa bahati, friji linawaka kila baada ya dakika kadhaa. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, tazama mistari 05 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na C5 (sehemu zenye shaka). Zikiwa na namba tofauti na sifuri, hamisha hesabu za parachichi leo leo. C7 (makosa ya njiani) ikipanda, badilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na mazabodi, kabla ya kuilaumu diski.

#42 Parachichi Bichi
05 ni sifuri. C5 ni 8. C7 ni 1,140.

#43 Kibodi Kavu
Mwalimu, acha kusoma huu uzi, nenda kanakili mafaili yako kwenye fleshi. Tutakusubiri.

#44 Fundi Lehemu
Hiyo C7 haishuki ikishapanda, inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita. Andika namba, badilisha kebo, uone kama inaongezeka. Kibodi Kavu unamtisha mzee.

#45 Kibodi Kavu
C5 ya 8 nayo ni ya kuchezea? Bora atishike akiwa na nakala.

#46 Kunguru wa Feri
Enzi za intaneti kafe, nani anakumbuka? Saa moja mia tano, ramu MB 256, ukifungua picha inashuka mstari kwa mstari kama pazia. Na kompyuta namba 7 kila kafe ilikuwa mbovu.

#47 Bi Pangani
Namba 7 ilikuwa haina herufi A.

#48 Mswahili wa Ruwi
Na mausi ya mpira! Watoto wakiiba ule mpira wauchezee.

#49 Mama Stesheni
Turudini kwa mwalimu jamani. Mjukuu ameulizwa?

#50 Parachichi Bichi
Nimenakili kila kitu, asante Kibodi Kavu. Kebo nimebadilisha. Mjukuu ameulizwa, amekana. Amesema yeye anacheza kwenye simu, kompyuta ya babu "haina hata gemu la maana". Nilijisikia vibaya kidogo.

Nimeazima pawasaplai shuleni nilikokuwa nafundisha. Ijumaa nyuzi 10, umeme 207, jaribio moja! Jumamosi nyuzi 9, jaribio moja. Jumapili nyuzi 9, umeme 205, majaribio 11.

#51 Fundi Lehemu
Siku mbili imewaka. Hiyo ya kuazima nayo imechoka. Weka mpya.

#52 Nusu Volti
Au zilikuwa siku mbili za bahati na ugonjwa uko kwenye mazabodi. Angalizo kabla mtu hajapata wazo: msifungue pawasaplai yenyewe kutafuta vikopo. Ile kapasita kubwa ndani inabeba volti 300 na ushee, na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa.

Kuna jaribio moja la kuwatenganisha baridi na umeme. Usiku ilaze mashine sehemu ya joto, asubuhi iwashe saa ile ile 12 na nusu kwenye umeme ule ule mdogo. Ikigoma ikiwa na joto, ni umeme. Ikiwaka, ni baridi.

#53 Mvita Huru
Aipeleke jikoni karibu na jiko la mkaa.

#54 Bi Pangani
Mkaa usiku milango imefungwa? Mnataka kumuua mwalimu na kompyuta yake. Aifunike blanketi ikiwa imezimwa, inatosha.

#55 Parachichi Bichi
Nimelala nayo. Naomba msicheke. Nilivyopima, chumbani kwetu usiku hapashuki chini ya 15, kwa hiyo niliiweka pembeni ya kitanda, nikaifunika kitenge na blanketi. Mke wangu aliniangalia akaniuliza kama nimuachie nafasi yake kabisa.

Saa 12 na nusu nimeibeba sebuleni, nimechomeka, umeme hakuna. Ulikatika alfajiri. Umerudi saa 4, jua limeshachomoza, umeme 224, nyuzi 16. Ikawaka mara moja.

#56 Kunguru wa Feri
Mwalimu nimecheka mpaka abiria wa daladala wamenigeukia.

#57 Nusu Volti
Basi jaribio limeharibika. Rudia.

#58 Parachichi Bichi
Mama amesema harudii.

#59 Chaki Nyeupe
Nimerudi kusoma #1 taratibu. "Sekunde nne tano, inakata." Wote tumepita hapo. Swichi ya mbele ukiishikilia sekunde nne, mashine inazimwa kwa nguvu. Ndivyo zilivyotengenezwa. Sasa kama springi ya plastiki imekakamaa kwa baridi, ukibonyeza inabaki ndani: inawaka, sekunde nne, inazima. Ikiachia na kunasa, inaanza upya. Mchana plastiki inalainika. Na usiku ikijiachia yenyewe au ikinasa, soketi ikiwa wazi, inajiwasha. Swichi moja, dalili mbili.

#60 Fundi Lehemu
Na ile siku ya 188?

#61 Chaki Nyeupe
Sina jibu la Alhamisi.

#62 Nusu Volti
Swichi iliyonasa haiwashi tena mpaka iachie. Kuachia na kunasa mara kumi na tano mfululizo? Sijashawishika. Ila ni rahisi kupima. Mwalimu, zifuate nyaya mbili za swichi mpaka kwenye mazabodi, zichomoe. Kuwasha, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, nukta moja tu, uache.

#63 Parachichi Bichi
Nimechomoa jana jioni. Leo asubuhi nyuzi 7, baridi kuliko siku zote nilizopima, umeme 206. Nimewasha kwa bisibisi. Majaribio matatu.

#64 Chaki Nyeupe
Swichi!

#65 Fundi Lehemu
Matatu si moja. Pawasaplai. Swichi nzima ikibadilishwa bado atakuja hapa.

#66 Nusu Volti
Siku moja haitoshi. Lete wiki nzima, na usiku soketi uiache wazi kwa makusudi tuone kama bado inajiwasha.

#67 Mama Stesheni
Na mjukuu awepo.

#68 Parachichi Bichi
Mjukuu amekwenda Iringa kwa mama yake tangu Ijumaa. Juzi usiku, kabla sijachomoa hizo nyaya, king'amuzi nilikisahau mimi mwenyewe, na saa 9 ilikuwa inawaka sebuleni na kioo kinamulika kochi tupu. Nimempigia kumwambia alisingiziwa. Amesema amesamehe, ila gemu la maana liwekwe.

#69 Kunguru wa Feri
Mwalimu, mashine ina ramu GB 4. Mwambie achague karata.